Blakiberi: kata fito zilizokwisha zaa

Sokoni wengi wakiona blakiberi huziita forosadi. Forosadi ni mti, mtoto anaukwea. Blakiberi ni kichaka cha fito ndefu, nyingi zina miiba, zinazochipua upya kutoka shinani. Ukizielewa fito hizo, kazi kubwa umeimaliza.

Mizizi huishi miaka mingi, ila ufito mmoja huishi miaka miwili tu. Mwaka wa kwanza hurefuka na kutoa majani; wa pili huchanua, huzaa, kisha hukauka. Hauzai tena hata uumwagie samadi debe zima. Kwa hiyo mavuno yakiisha, kata chini kabisa zile zilizozaa, zitoe shambani, ubakize mpya nne hadi sita zenye nguvu kwa kila shina. Mpya ni za kijani. Zilizozaa ni za kahawia na bado zina vikonyo vikavu. Anayekasirishwa na miiba akafyeka kichaka chote kwa panga ameyafyeka na mavuno ya msimu ujao.

Zipo aina zinazozaa kwenye ufito wa mwaka wa kwanza, kama Prime-Ark 45 ya Chuo Kikuu cha Arkansas, Marekani. Hizo waweza kuzikata fito zote mavuno yakiisha, na mimi ndizo ninazozipendelea kwetu, kwa sababu aina za kawaida hudai baridi ya kutosha ndipo zichanue. Hata hivyo, tafuta nyanda za juu kama Limuru au Njombe. Aliye pwani apande forosadi.

Ufito mpya ukifika mita moja, kata ncha ili uchipuze matawi ya pembeni, kisha uyafunge kwenye waya. Acha mita moja kati ya mashina na tatu kati ya mistari. Ardhi ya chai huwa chachu mno, itie chokaa. Blakiberi hutaka pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ya 5.5 hadi 6.5. Usipande palipokuwa na nyanya au viazi, ugonjwa wao wa mnyauko hubaki udongoni.

Tunda jeusi linalong'aa bado ni chachu. Subiri weusi ufifie na tunda liachie lenyewe ukiligusa, maana likishachumwa haliivi tena. Chuma asubuhi umande ukishakauka, weka kwenye chombo kifupi yasipondane, na usiyaoshe mpaka wakati wa kula.

Yaliyopondeka ni ya jamu: kilo moja ya matunda, robo tatu ya sukari, maji ya limau moja. Tia na machache ambayo bado ni mekundu. Hayo ndiyo huisaidia jamu kuganda.