Kutembea kando ya Kivu mu Goma kuangalia ndege na maua

Sisi watu wa Goma tunashukaka ziwani kuoga, kununua sambaza (samaki ndogo za ziwa) ao kupiga foto, ndege wanapita juu ya kichwa na hakuna mwenye anawaangalia. Ukitaka kujaribu, toka mapema jua ikianza tu, na utembee kutoka mtaa wa Himbi kwenda ule wa Kyeshero, usigeuze njia, juu jua inatokea upande wa Gisenyi, kule Rwanda, na ukienda hivyo inabaki mgongoni, rangi unaziona muzuri. Ukiangalia kwenye jua, kila ndege ni mweusi tu.

Shida ni kuta. Mu Himbi kando ya maji karibu yote ni mahoteli na maparsele ya watu, kwa hiyo shukia fasi watu wanachota maji ao fasi mitumbwi inafikia, kama Kituku. Mimi napenda zaidi kwenye mitumbwi, juu wavuvi wa sambaza wanafanya kazi usiku na wakirudi asubui ndege wako tayari. Mwewe wanazunguka juu wakitafuta mabaki. Mdiria, ule mweupe na mweusi, anasimama hewani akipiga mabawa fasi moja, halafu anajitupa mu maji kichwa mbele. Dume iko na mistari miwili myeusi kifuani, jike iko na mmoja na mara nyingi umekatika katikati. Na ule mweusi mwenye kukaa juu ya jiwe mabawa wazi ni mnandi, hajaumia, anakausha manyoya tu.

Kwa maua usitafute bustani, angalia mu nyufa za mawe. Lava ya volkano Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na leo mimea inashika humo humo. Alizeti mwitu ya njano iko kila fasi (asili yake Mexico, si ya kwetu), lantana pia. Lakini tafuta ule mmea mrefu wenye mabonge ya miiba na maua ya rangi ya machungwa, yamepangwa kwenye kijiti kama shanga, kisha usimame hapo kimya: chozi, kale kadege kadogo kenye mdomo wa kupinda, kanakuja kunywa utamu wake. Mvua ikirudi Septemba njo maua yanakuwa mengi.

Ukitaka kuendelea upande wa Sake mpaka Bulengo ao Lac Vert, ngoja kwanza ifike saa tatu ya asubui. Kule kuko mazuku, gazi ya kaboni (CO2) yenye kutoka chini, haina rangi wala harufu, nzito kuliko hewa, inalala mu mashimo usiku na asubui kama upepo haiko. Ukiona mijusi ao ndege wamekufa mu bonde, rudi juu, usiiname kuwaangalia. Mtoto na mbwa ndio wa kwanza kuanguka juu ni wafupi, kwa hiyo wasiteremke hata kidogo.

Simu inatosha kwa foto, lakini usiielekeze kwa askari ao mpaka. Kurudi, kamata moto (pikipiki) kwenye barabara ya Sake mbele ya saa tano, juu jua ikikolea ndege wanajificha utabaki kuangalia mawe.