Ndege za Mizigo Vitani: Namna ya Kuzipa Kazi ya Maana Kwenye Simuleta

Kwenye misheni nyingi za simuleta za vita, yaani michezo ya kompyuta ya kurusha ndege, Ju 52, ndege ya mizigo ya Ujerumani, imewekwa angani ili itunguliwe. Inatokea, inapigwa, mtu anajihesabia pointi, basi. Mimi nilianza maisha kama utingo, nikaja kuwa dereva wa malori ya Dar na Tunduma, na sasa nina duka la kompyuta hapa Makambako. Jambo hilo huwa linaniudhi. Ukitaka vijana wagombanie usukani wa ndege ya mizigo, panga misheni ambayo wenye bunduki hawawezi kusogea mpaka mzigo ufike.

Dukani tunatumia IL-2 Sturmovik: Great Battles. Humo Ju 52 unairusha mwenyewe, na kuna kihariri cha kutengenezea misheni. Kihariri chenyewe kinatia uvivu mwanzoni, maana kila kitu ni alama za kuunganisha kwa mistari kwenye ramani, lakini kwa kazi hii unahitaji vitu vitatu tu: kichochezi cha eneo (duara linalotambua kilichoingia humo), kihesabio, na amri ya kuwasha au kuzima kitu.

Anza na Stalingrad, mji wa Urusi, kwa kuwa huko historia yenyewe imekwisha kukupangia misheni. Kuanzia mwishoni mwa Novemba 1942 Jeshi la Sita la Ujerumani lilikuwa limezingirwa. Kiwango cha chini walichohitaji kwa siku kilikadiriwa kuwa tani 300. Ju 52 moja hubeba kama tani 2, kwa hiyo hesabu yake ni ndege 150 kutua kila siku, wakati wa baridi kali, ukungu na ndege za kivita za Kisovieti njiani. Kilichofika kwa wastani kilikuwa kama tani 100. Kiwanja kikuu cha kupokelea kilikuwa Pitomnik, na pale pale palikuwa na kikosi kidogo cha Bf 109, ndege za kivita za Kijerumani, cha kulinda eneo lililozingirwa. Wasovieti walikiteka katikati ya Januari 1943.

Sasa ingiza hayo kwenye misheni. Weka duara la kichochezi juu ya Pitomnik, ukiliagiza litambue ndege ya uchukuzi iliyotua na kusimama ikiwa nzima. Kila ikitambuliwa, kihesabio kinapanda moja. Kikifika 3, amri inawasha kiwanja, na wachezaji wa Bf 109 wanaruhusiwa kuanzia hapo Pitomnik badala ya kuanzia mbali magharibi. Hapo ndipo utakapoona mabadiliko. Kijana mmoja aliwahi kuniuliza, "Shikamoo mjomba, hii ndege si haina hata mzinga wa maana, mimi nitafanya nini nayo?" Nikamjibu akae tu. Baada ya rafiki zake kukwama nusu saa wakimsubiri atue, hakuna aliyemdharau tena.

Usisahau safari ya kurudi. Dereva yeyote atakuambia kurudi mtupu ni hasara, na Stalingrad hawakurudi watupu: majeruhi zaidi ya 20,000 walitolewa kwa ndege. Kwa hiyo weka duara la pili kwenye kiwanja cha magharibi, na pointi za kurudi ziwe nyingi kuliko za kwenda. Ukifanya kinyume, mchezaji akishatua Pitomnik anajiangusha makusudi ili aanze upya haraka. Nimewaona.

Umbali usizidi kilomita 60 kwa upande mmoja, yaani kama hapa hadi Njombe. Kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa ni dakika 18, ukiongeza kuruka na kutua unapata karibu nusu saa. Umbali halisi ulikuwa mkubwa zaidi, lakini umeme wa kwetu haungoji historia, na betri ya akiba ina kikomo chake.

Kudondosha askari wa miavuli ni kazi nyingine nzuri, na hapa sitakaa sana. Kihariri kinaweza kutofautisha askari aliyeruka na aliyefika chini akiwa hai. Hesabu huyo wa pili. Usiku wa Normandy, Ufaransa, Juni 1944, C-47, ndege za uchukuzi za Marekani, zilitakiwa kudondosha zikiwa mita kama 200 na mwendo wa kilomita 180 kwa saa, lakini mawingu na mizinga ya kutungulia ndege viliwafanya marubani wengi kwenda kasi kuliko ilivyopangwa, na watu wakatawanyika ovyo. Mpe mchezaji wako vipimo hivyohivyo, uweke mizinga miwili mitatu njiani, halafu umwangalie kama atavumilia kwenda polepole.

Glaida, yaani ndege isiyo na injini inayovutwa kwa kamba, ndiyo inayohitaji ubunifu. Kwenye simuleta yetu hakuna ya kurusha mwenyewe. Sisi tunaiigiza kwa Ju 52 iliyozimwa injini. Kwanza ipime: ipakie mafuta kidogo, panda mita 1,000 juu ya ardhi (siyo juu ya usawa wa bahari, hapo wengi wanakosea), zima injini zote tatu, shika kilomita 150 kwa saa, kisha angalia kwenye ramani umesafiri umbali gani mpaka kugusa chini. Chukua robo tatu ya umbali huo na uandike kwenye karatasi. Hiyo ndiyo sehemu ya kuachia kamba. Robo iliyobaki ni ya upepo na kona utakazokata. Propela zilizozimwa zinazuiwa na hewa, kwa hiyo utashuka haraka kuliko glaida ya kweli.

Kushuka na glaida ni kama kuteremka Kitonga na mzigo: gia unaichagua juu, kule chini hakuna tena cha kuchagua. Ukijiona uko juu mno, kata kona za nyoka huku na huku, au toa flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyopunguza mwendo. Ukijiona uko chini mno, usiinue pua. Utapoteza mwendo na kudondoka. Tafuta shamba la karibu, utue hapo hapo.

Kwa wachezaji wawili, mmoja avute na mwingine avutwe, injini zikiwaka na kamba ikiwa ya kuigiza tu. Kamba ya glaida ya Marekani, CG-4A, ilikuwa na urefu wa mita kama 107, kwa hiyo sheria yetu ni mita 100 nyuma ya mvutaji. Ukiachwa nyuma sana, kamba imekatika, zima injini. Kaa juu kidogo au chini kidogo ya njia ya mvutaji, kama walivyofanya marubani wa glaida, kwani katikati kuna hewa iliyovurugwa na propela zake. Mvutaji ndiye anayetaja "achia" kwenye vifaa vya masikioni.

Misheni ya kwanza ya glaida iwe daraja la Bénouville, huko Normandy, usiku wa kuamkia 6 Juni 1944. Glaida sita aina ya Horsa zilivutwa na Halifax, ndege za mabomu za Uingereza, tatu kwa daraja hilo na tatu kwa la pili lililo jirani. Rubani Jim Wallwork alifuata dira huku msaidizi wake John Ainsworth akishika saa ya kuhesabia sekunde, na wakatua mita kama 50 tu kutoka darajani. Ramani ya Normandy ikiwa haipo kwako, tumia daraja lolote. Zima alama zote za msaada kwenye skrini, mpe mchezaji dira na saa, na mwenzake wa pembeni ahesabu kwa sauti. Kelele zake dukani hazivumiliki, lakini ndizo zinazonogesha.

Katika zile sita, moja ilitua mbali kabisa. Na Eben-Emael, 10 Mei 1940, glaida 11 za DFS 230 zilipovutwa na Ju 52 kwenda kwenye ngome ile ya Ubelgiji, mbili zilibaki njiani, mojawapo ikiwa na kamanda Rudolf Witzig mwenyewe. Kazi ilifanyika bila yeye mpaka alipofika baadaye, baada ya kupata ndege nyingine ya kumvuta. Kwa hiyo usifungie ushindi kwa ndege moja. Kila glaida iwe na duara lake na kihesabio chake, na ushindi uhitaji mbili kati ya tatu.

Mwisho weka walinzi. Ndege ya kivita haiwezi kwenda pole namna hiyo, hivyo waambie wapite kwa zigizaga juu ya msafara, mita 500 hivi, wasiondoke kufukuza adui zaidi ya kilomita 5. Anayezidi, mkate pointi zote za kuangusha ndege usiku ule. Watalalamika.