Kuchagua Kerezo la Kwanza: Mwongozo kwa Anayeanza Kukereza Mbao Nairobi

Mtu anayetaka kuanza kukereza mbao jijini Nairobi, yaani kuzichonga kwa patasi zikizungushwa na mashine iitwayo kerezo, kwa kawaida huulizia bei ya mashine hiyo, naye muuzaji humjibu kwa kumtajia nguvu ya mota. Hapo mnunuzi hujikuta amelipa kabla ya kujiuliza jambo lililopaswa kutangulia, nalo ni kitu anachokusudia kukereza katika mwaka wake wa kwanza. Matendegu ya kitanda, miguu ya meza na nguzo ndogo za ngazi hudai mashine ndefu, ilhali bakuli na sahani hudai mashine pana. Michi midogo, vipini vya patasi na miti ya kusukumia chapati haidai sana kimojawapo, na ndiyo kazi inayomfaa zaidi mwanafunzi.

Vipimo viwili ndivyo vinavyoeleza ukubwa wa kerezo. Cha kwanza ni kipenyo kikubwa zaidi cha mbao kinachoweza kuzunguka bila kugusa kitanda cha mashine, yaani zile reli za chuma ambazo sehemu nyingine zote hukaa juu yake. Ukipima kutoka katikati ya mhimili, yaani chuma kinachozungusha mbao, hadi kwenye kitanda, kisha ukazidisha mara mbili, umepata kipimo hicho bila kumtegemea muuzaji. Cha pili ni urefu kati ya ncha mbili zinazobana mbao, ile ya kichwani, ambako mota huzungushia, na ile ya mkiani. Mashine ya mezani yenye kipenyo cha inchi 12 na urefu wa inchi 16 hadi 20 itakutosha kwa bakuli la chakula cha familia na kwa vitu vidogo karibu vyote, lakini haitatoa mguu wa meza ya kulia chakula, kwa sababu mguu huo hukaribia inchi 28. Baadhi ya mashine za aina hii huuziwa kitanda cha nyongeza kinachofungwa kwa bolti. Ikiwa una azma ya fanicha, hakikisha kwamba nyongeza hiyo inapatikana kabla ya kulipa, wala usiridhike na ahadi kwamba itaagizwa baadaye. Kumbuka pia kwamba kitako cha egemeo la patasi, yaani chuma ambacho patasi hulazwa juu yake, hupita juu ya kitanda, kwa hiyo kipande kirefu hakiwezi kuwa kinene kama kipenyo kilichoandikwa kwenye boksi.

Baada ya ukubwa, tazama uzito. Hili naliweka mbele ya mota, na najua mafundi wengi hawatakubaliana nami. Gogo lisilo na mizani likizunguka hutikisa mashine, na mashine nyepesi hutikisika nalo mpaka patasi ikarukaruka na kuacha mawimbi juu ya mbao, na mwanafunzi akaamini kwamba mkono wake ndio mbaya. Kitanda cha chuma kilichomiminwa kwenye kalibu humeza mtetemo. Cha bati la chuma lililokunjwa, au cha mabomba mawili membamba, huupeleka hadi mezani. Shika kichwa cha mashine kwa mkono mmoja na mkia kwa mwingine, kisha ujaribu kuvisokota kama mtu anayekamua nguo. Ukiona kitanda kinajipinda, ondoka dukani.

Mota ya nusu hospawa huweza kazi ndogo, na ya robo tatu hadi hospawa moja hutosha kwa bakuli la inchi 10 au 12 ikiwa mkanda umepangwa kwenye puli ya mwendo wa chini. Mwendo wa chini ndio unaostahili kuulizwa kwa makini. Wakerezaji wana kanuni ya kukadiria: kipenyo cha mbao kwa inchi, kikizidishwa kwa mizunguko kwa dakika, kiwe kati ya 6,000 na 9,000. Kwa hesabu hiyo, bakuli la inchi 10 lizungushwe mara 600 hadi 900 kwa dakika, nalo gogo bichi ambalo bado halijachongwa likawa mviringo lianzie chini zaidi ya hapo. Mashine ambayo mwendo wake wa chini kabisa ni 800 au 900 haifai kwa bakuli kubwa, hata ikiwa ina mota ya nguvu. Kwa upande wa juu, mizunguko 3,000 na kitu inatosha. Kitufe cha kubadilisha mwendo bila kuhamisha mkanda ni starehe nzuri, lakini kadi yake ya umeme ikiungua huenda ukasubiri nyingine kwa miezi, ilhali mkanda uliokatika hupata mwenzake kwa fundi yeyote wa mashine. Kwa anayeanza na fedha kidogo, mimi ningechagua mkanda.

Suala la umeme linahitaji tahadhari ya pekee. Umeme wa majumbani Kenya ni volti 240, na mkondo wake hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hutaka volti 120 na mkondo wa mizunguko 60. Niliwahi kununua mashine ya namna hiyo kwa mtu aliyekuwa akihama nchi, nikajipa moyo kwamba transfoma ingemaliza tatizo. Transfoma hushusha volti, lakini haibadilishi idadi ya mizunguko ya mkondo, kwa hiyo mota ile ya kawaida ilizunguka polepole kuliko ilivyokusudiwa, kwa kiasi cha sehemu moja ya sita, na baada ya dakika 20 ilikuwa moto kiasi cha kutoshikika. Soma kibati cha mota mwenyewe. Kikionyesha fezi tatu na volti 415, ujue ni mashine ya karakana, ambayo kwenye nyumba ya kupanga huwezi kuichomeka ukutani.

Kuna jambo jingine la umeme ambalo matangazo ya biashara hayalitaji. Stima ikipotea katikati ya kazi kisha ikarudi wakati umeinama kuokota patasi, mashine yenye swichi ya kawaida itaanza kuzunguka yenyewe. Swichi nzuri hujiachia umeme unapokatika, na haiwashi tena mpaka mtu aibonyeze. Jaribio lake ni rahisi: washa mashine ikiwa tupu, chomoa plagi, hakikisha mhimili umesimama, kisha uchomeke tena. Ikianza kuzunguka, badilisha swichi kabla ya kufunga mbao yoyote.

Sasa tuje kwenye mhimili wenyewe. Ncha yake ya nje ina hesi, yaani mikato kama ya skrubu, ambayo kishikio cha taya nne na sahani ya chuma, vinavyoshika mbao, hujifungia juu yake, na ndani yake mna tundu linalopungua upana kadiri linavyoingia, ambamo ncha za kubania huchomekwa. Tundu hilo hupimwa kwa namba za Morse, na namba 2 ndiyo iliyoenea katika mashine za kiasi, huku namba 1 ikiwa ya mashine ndogo. Hesi ndizo zinazosumbua zaidi. Mashine za mtindo wa Marekani huwa na mhimili wa inchi moja wenye hesi 8 kwa inchi, na nyingi za Ulaya huwa na wa milimita 33. Ile mashine yangu ilikuwa na mhimili wa robo tatu ya inchi wenye hesi 16, nami nilizunguka madukani Industrial Area siku mbili nikitafuta kishikio kinachoingia humo bila kukipata. Hatimaye fundi wa vyuma wa Kariobangi alinichongea kiungo cha kati kwa kerezo lake la chuma. Kilifanya kazi, lakini kilisogeza kishikio mbele kwa zaidi ya inchi moja, na kila inchi ya kusogea huongeza mtetemo. Kwa hiyo, nenda dukani ukiwa umekiona kishikio utakachonunua, au angalau ukijua kipimo cha hesi kinachopatikana kwa urahisi.

Mashine ya mtumba yaweza kuwa ununuzi bora kuliko mpya ya bati, mradi uikague bila haraka. Chomoa plagi, legeza mkanda, kisha zungusha mhimili kwa vidole ukiwa umeinamisha sikio. Beringi nzima huzunguka kimya na ulaini, na beringi iliyochoka hukufanya uhisi kana kwamba kuna chembe za mchanga ndani. Fungia sahani ya chuma kwenye mhimili, uishike kingoni, uisukume na kuivuta. Ikicheza hata kidogo, aidha beringi zimeisha au nati ya kuzibana imelegea, na ni halali yako kupunguziwa bei, maana beringi zenyewe hupatikana kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road ukienda na namba iliyochongwa ubavuni mwake.

Sogeza mkia hadi ncha yake ikaribiane na ya kichwani. Ncha hizo zinapaswa kukutana uso kwa uso. Zikipishana kwa unene wa kucha, utaweza bado kukereza vipande vilivyobanwa pande zote mbili, lakini utapata taabu utakapotoboa tundu la katikati. Kasoro ndogo ya kimo husawazishwa kwa vipande vya bati la kopo chini ya kichwa, lakini kasoro ya kitanda kilichopinda haina dawa ya bei nafuu. Kaza mkia, kisha uzungushe gurudumu lake kwa nguvu dhidi ya kipande cha mbao, uone kama unarudi nyuma. Egemeo la patasi likiwa na mibonyeo juu yake, usijali, tupa ya chuma itaiondoa kwa dakika 10.

Mwishowe omba mashine iwashwe kwa kila mwendo ilio nao, na uiache izunguke robo saa. Simamisha sarafu ya shilingi 20 kwa ukingo wake juu ya kitanda, karibu na kichwa. Katika mwendo wa kati sarafu isimame. Ikianguka, chungulia puli na mkanda kabla ya kuilaumu mota, kwa kuwa mkanda uliokaa ghalani muda mrefu hushika umbo la kukunjwa na kuipiga mashine kila unapozunguka.

Makerezo yanayoundwa na mafundi wa jua kali kwa vyuma vya pembe na mota ya zamani yasidharauliwe. Matendegu mengi yanayouzwa mjini yametoka humo, na chochote kikiharibika kinatengenezwa mtaani siku hiyohiyo. Hata hivyo, mengi hayana kizuizi cha kufunika mkanda, na mengine hayana tundu la Morse, jambo linalokufungia njia ya kutumia vishikio vya kawaida. Ukiagiza moja, mpe fundi vipimo vya mhimili kwa maandishi, na ulipe salio baada ya kuona ncha zinakutana. Kabla ya hapo, ni vyema ukapita Gikomba, umwombe mkerezaji wa miguu ya fanicha akuruhusu kushika patasi kwa nusu siku kwa malipo mtakayoelewana. Nusu siku hiyo itakufundisha kimo unachohitaji, kwani mhimili unapaswa kufika usawa wa kiwiko chako, na mashine nyingi za jua kali zimejengwa kwa kimo cha mwenye mashine.

Usitumie fedha zote kwenye mashine. Mimi hushauri nusu, au kidogo zaidi, ibaki kwa vitu vingine: bobari (patasi yenye umbo la mfereji) ya kukwangulia vipande virefu, ambayo kamwe haitumiwi kwenye bakuli, bobari ya bakuli, patasi ya mshazari, patasi ya kukatia, kishikio cha taya nne, na kinoo cha umeme cha inchi 8 chenye jiwe jeupe, kwa sababu patasi za kukerezea hunolewa mara nyingi kwa siku moja. Ongeza ngao ya uso mzima. Miwani pekee haizuii kipande cha gogo kilichochomoka. Glavu, mikono ya shati inayoning'inia, leso na kamba ya kitambulisho shingoni vikae mbali na mbao inayozunguka.

Mashine ikifika nyumbani, ifunge kwa bolti kwenye meza nzito, na chini ya meza weka mfuko wa mchanga. Mbao ya kwanza iwe kipande cha mgrevilea kisicho na fundo, inchi 2 kwa 2, urefu wa futi moja, kilichobanwa pande zote mbili. Kizungushe kwa mkono mzunguko mmoja kamili uhakikishe hakigusi egemeo, simama kando ya njia yake, kisha ubonyeze swichi.