Jinsi ya kusoma aya za mitego katika Biblia

Mahubiri mengi yakifika kwenye neno "mtego" hukimbilia kwa Shetani. Ninapoandaa somo la kikundi, mimi humweka Shetani kando kwanza, nikautazama mtego wenyewe.

Hatua ya 1: Jua ni mtego wa aina gani

Anza na Ayubu 18:8-10. Bildadi, rafiki wa Ayubu, anataja mitego kadhaa kwa mfululizo: wavu, tanzi la kukamata kisigino, kamba iliyofichwa ardhini. Haifanyi kazi kwa namna moja. Wavu wa ndege hutandazwa, ndege wakitua kamba inavutwa na wote wanafunikwa. Kazi hiyo imechorwa kwenye makaburi ya Misri ya kale. Tanzi humshika mmoja mmoja, na aliyenaswa anaweza kubaki hai hadi mwindaji aje. Ndiyo maana Zaburi 124:7 inaweza kuimba kuhusu ndege aliyeponyoka mtego ulipovunjika.

Hatua ya 2: Uliza nani ametega, na amemtegea nani

Hapa usiwe na haraka. Katika Yeremia 5:26 wategaji ni watu, na wanaonaswa ni watu. Katika 1 Samweli 18:21 Sauli anataka kumwoza Daudi binti yake Mikali ili awe mtego kwake, Wafilisti wammalize. Mafarisayo wa Mathayo 22:15 wanatega kwa swali tu.

Halafu kuna Gideoni, anayenisumbua kuliko wote. Amekataa kutawala Israeli, jibu zuri kabisa. Papo hapo anaomba pete za nyara, shekeli 1,700 za dhahabu, anatengeneza naivera (vazi la kikuhani) na kuiweka mjini kwake Ofra. Waamuzi 8:27 inasema ikawa mtego kwake na kwa nyumba yake. Tafuta adui aliyeutega: hayupo. Ukimwingiza Shetani hapo kwa nguvu, utapoteza uzito wote wa kisa, kwamba aliyeshinda vita ndiye aliyejitegea, tena kwa kitu cha ibada.

Hatua ya 3: Soma aya za jirani

Amosi 3:5 huhubiriwa kama onyo dhidi ya dhambi. Lakini soma kuanzia aya ya 3 hadi ya 8: ni mfululizo wa maswali kuhusu chanzo na matokeo. Simba hangurumi bila mawindo, mtego haufyatuki bila kitu kunasa, na nabii hasemi bila Bwana kunena. Mtego pale ni hoja ya Amosi kutetea haki yake ya kusema.

Hatua ya 4: Andika maana kwa sentensi moja

Ikizidi moja, rudi hatua ya 2.

Jipime kwa Mithali 1:17, wavu unaotegwa bure ndege akiona. Usiandike chochote kabla ya kusoma aya ya 18, kisha amua nani mjinga zaidi: ndege, au wale wanaovizia damu yao wenyewe.