Somo: Kuacha shata wazi ili picha ya maporomoko na wanyama ionyeshe mwendo

Habari zenu wapenzi wa picha. Picha nyingi za porini tunazopiga hapa Uganda ziko kali na rangi nzuri lakini kila kitu kimeganda, hata yale maji ya maporomoko ya Murchison ambayo ukisimama pale juu unahisi mwamba unatetemeka chini ya miguu, kwenye picha yametulia kabisa. Dawa yake ni kupunguza spidi ya shata kwa makusudi, yaani kile kipazia ndani ya kamera kinachofunguka kuingiza mwanga kikae wazi muda mrefu zaidi. Sheria ni moja tu na naomba muishike, lazima kitu kimoja ndani ya fremu kitulie, iwe jiwe, mti au jicho la mnyama. Kama vyote vimevurugika basi hiyo ni picha iliyotingishika, hakuna ubunifu hapo.

Hatua ya 1: anza na maji
Kwa anayejifunza nampeleka Sipi kule Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Maporomoko ni matatu, kubwa linaanguka karibu mita 100, na njia zinapita kwenye mashamba ya kahawa ya watu kwa hiyo chukua kijana wa hapo akuongoze na mkubaliane bei kabla ya kuanza kushuka. Siku ya mawingu ndio nzuri, jua kali linachoma ile sehemu nyeupe ya maji mpaka haina kitu ndani. Mvua ikiwa imenyesha kule juu njia inateleza vibaya sana, vaa viatu vyenye meno.

Hatua ya 2: seti kamera
Tripodi chini, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100, apecha (tundu la lensi la kupitisha mwanga) f/11, zima ile stabilaiza ya lensi, kile kizuia mtikisiko, maana juu ya tripodi inaweza yenyewe kuleta mtikisiko, alafu tumia taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisiguse kamera wakati inapiga. Lenga fokasi kwenye jiwe kisha iweke manyuo, yaani isijibadilishe yenyewe.

Mwanga ukizidi hapo ndipo unahitaji filta ya ND, kile kioo cheusi cha kufunga mbele ya lensi. ND8 inapunguza mwanga mara 8, ND64 mara 64, yaani kama bila filta kamera inakupa 1/60 ya sekunde ukifunga ND64 unafika sekunde moja hivi. Fokasi ifanye kabla ya kufunga kioo, ukishafunga kamera inahangaika haioni.

Hatua ya 3: chagua muda kulingana na maji yenyewe
Hapa wengi wanapita haraka, na mimi naona ndio moyo wa somo lote. Sipi maji ni membamba na yanaanguka mbali, nusu sekunde mpaka sekunde moja inakupa ile nyuzi laini. Murchison ni habari nyingine, Nile nzima inabanwa kwenye ufa wa kama mita 7 alafu inaanguka mita 43 hivi, sasa ukiweka sekunde nne unapata ukungu mweupe na nguvu yote imepotea, mtu akiangalia hajui kama ni mto au ni moshi. Pale mimi nakaa kati ya 1/8 na 1/4, mawimbi yanavutika lakini bado unaona misuli ya maji. Beba kitambaa kikavu, manyunyu yanalowesha lensi kila dakika.

Hatua ya 4: mnyama anayekimbia
Weka moodi ya S au Tv (wewe unachagua shata, kamera inapanga apecha), shata 1/30 mpaka 1/60, fokasi ya kuendelea inayomfuata mnyama anavyosogea, piga mfululizo. Mfuate mnyama na kamera kuanzia kiunoni, mwili wote uzunguke pamoja, na usisimame ukishabonyeza, endelea kumfuata. Kichwa kikitoka safi na nyasi zikawa mistari basi umepata. Kob ndio wazuri kwa hii, yule swala wa kwenye nembo ya taifa, kule Murchison upande wa kaskazini wa mto Nile wako wengi na uwanda uko wazi. Ila usisubiri mpaka ufike hifadhini ukiwa umelipa pesa zote hizo, simama kando ya barabara hapo Kampala salama ufuate boda boda zinazopita, spidi inafanana na zinakuja bila kukoma. Na usimwambie dereva awafukuze wanyama ili wakimbie, subiri wakimbie wenyewe.

Hatua ya 5: saa
Sisi tuko kwenye ikweta, jua linachomoza na kuzama karibu wima, ule mwanga wa dhahabu unaisha upesi. Uwe umeshaseti kila kitu kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

MASWALI

Swali, kutoka Mbale: Kaka mimi niko na simu tu, nitaweza?
Unaweza ndugu yangu. Android nyingi ziko na moodi ya Pro, shusha ISO mpaka chini na ushushe shata. iPhone piga Live Photo alafu uchague mwonekano wa shata ndefu. Simu iegemeze kwenye jiwe, mkono hautoshi.

Swali, kutoka Gulu: Ile boti ya kutoka Paraa nikiwa ndani yake napiga maporomoko ya Murchison kwa sekunde moja?
Hapana, boti inatikisika na tripodi inatikisika nayo. Kwenye boti geuza somo, panda 1/1000 upige viboko na mamba, ya maji laini utapiga ukipanda kule juu.

Swali, kutoka Fort Portal: Na gorila, wale sokwe wakubwa wa msitu wa Bwindi?
Mle msituni ni giza na flashi hairuhusiwi, na ukiwafikia una saa moja tu. Hii mbinu iache dada, pandisha ISO mpaka 3200 au zaidi, ushike 1/125 kwenda juu.

Swali, kutoka Entebbe: Mzee, korongo nyangumi, yule ndege wa kinamasi cha Mabamba je, si anasimama tu?
Anasimama kweli, akiwinda kamongo anaweza kukaa muda mrefu bila kusogea, shida ni mtumbwi. Mwombe mwenye mtumbwi ausukume kwenye mafunjo utulie, kaa chini kabisa viwiko juu ya magoti, jaribu 1/60. Upepo ukipita mafunjo yanavutika na ndege anabaki safi. Akianza kuinama mbele rudi 1/1000 hapohapo, anakaribia kujirusha.