Somo: Kurudufu na kuhamisha mashine pepe kati ya seva mbili, mjini na Igoma

Wakuu, habari za leo. Nimeombwa mara nyingi niandike jambo hili. Naliandika kama ninavyolifanya kwa mikono yangu.

Kwangu lilianza usiku mmoja wa mvua. Sisi wa Mwanza, kando ya ziwa, tunajua ngurumo zetu hupenda usiku wa manane na alfajiri. Duka la jumla nililokuwa nalihudumia lilikuwa na seva moja, na diski ya bakapu imechomekwa papo hapo nyuma yake. Kati ya ofisi na ghala ulipita waya wa shaba wa mtandao. Radi ikapita humo. Kulipokucha swichi, seva na diski ya bakapu vilikuwa vimekufa pamoja. Wiki tatu akina dada wa uhasibu waliingiza upya risiti za karatasi, moja baada ya nyingine. Iliniuma, na tangu hapo sikubali mteja wangu abaki na seva moja.

Tutatumia Proxmox VE, programu ya kuendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva), kwa sababu ni ya bure na kazi hii inaiweza yenyewe. Kila baada ya dakika 15 mabadiliko ya diski yanatoka seva ya mjini kwenda seva ya Igoma. Ya mjini ikifa, ya Igoma inaamsha mashine zilezile. Lakini mwambie mwenye mali ukweli tangu mwanzo: kazi iliyofanyika baada ya nakala ya mwisho itapotea. Muulize anaweza kupoteza kazi ya dakika ngapi, na anaweza kukaa saa ngapi bila mfumo. Majibu yake ndiyo yatakayopanga kila kitu hapa chini.

HATUA YA 1: Mahali

Mto Mirongo unakatiza katikati ya mji, na mvua ikizidi sehemu za chini hujaa maji. Seva mbili zote zikiwa bondeni humo, hujajikinga na kitu. Peleka ya pili mbali, na iwe na umeme wa njia nyingine ikiwezekana.

Ukiunganisha kwa redio, panda juu ya paa uangalie kwa macho yako. Ramani haitakuonyesha jabali lililosimama katikati, na mji wetu ni wa majabali. Redio za 5 GHz zinavumilia mvua vizuri. Za 60 GHz mvua kubwa inazilaza. Na kati ya jengo na jengo usipitishe waya wa shaba. Weka fiba, yaani waya wa kioo, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme wa radi.

HATUA YA 2: Kusakinisha

Seva zote mbili zisakinishwe kwa ZFS (mfumo wa kupanga data kwenye diski), kwa sababu urudufishaji wa Proxmox unafanya kazi kwenye ZFS tu. Kadi ya RAID, ile inayounganisha diski kadhaa zionekane moja, izimwe kazi yake hiyo ili ZFS izione diski moja moja. Jina la hifadhi liwe moja pande zote. Ukifuata kisakinishi litakuwa local-zfs. Majina ya seva yawe tofauti: hapa nitaziita mjini na igoma. Saa zao ziende sawa. RAM ya Igoma itoshe kubeba angalau mashine zile ambazo bila hizo duka halifunguki.

HATUA YA 3: Klasta

Klasta ni kundi la seva zinazosimamiwa kama kitu kimoja. Kwenye mjini:
pvecm create mwanza

Kwenye igoma, ikiwa bado haina mashine yoyote ndani yake:
pvecm add 10.10.1.11

Namba hiyo ni anwani ya IP ya mjini, weka yako. Mawasiliano ya klasta yanataka ucheleweshaji chini ya milisekunde 5. Pima ucheleweshaji huo kwa amri ya ping usiku na mchana kwa siku mbili kabla ya kuendelea.

HATUA YA 4: Kura ya tatu

Klasta inaamua mambo kwa akidi. Seva zikiwa mbili, moja ikifa, iliyobaki haina wingi wa kura, na itakataa kuamsha chochote. Kwa hiyo tafuta shahidi wa tatu. Kompyuta ndogo yoyote yenye Debian (aina ya Linux) inatosha, hata Raspberry Pi, ila ikae mahali pa tatu, isikae na mojawapo ya seva. Kwenye shahidi sakinisha corosync-qnetd, kwenye seva zote mbili sakinisha corosync-qdevice, kisha kwenye seva moja andika hii, namba ikiwa anwani ya IP ya shahidi:
pvecm qdevice setup 10.10.3.10

Andika pvecm status. Ukiona kura 3, endelea.

HATUA YA 5: Kurudufu

Ndani ya kila mashine pepe weka qemu-guest-agent, na kwenye seva andika qm set 101 --agent 1 (101 ni namba ya mashine pepe, weka yako). Hii inaiomba mashine itulize maandishi ya diski kwa kitambo wakati nakala inapigwa. Bila hiyo nakala inakuwa kama kompyuta iliyokatiwa umeme ghafla.

Sasa piga hesabu kabla ya kubonyeza. Mashine ya GB 200 kwenye njia ya megabiti 20 kwa sekunde inapita MB 2.5 kila sekunde, yaani sekunde 80,000. Hizo ni kama saa 22! Ndiyo maana nakala ya kwanza naifanya seva zote mbili zikiwa mezani pamoja, kwa waya wa gigabiti, ambapo inachukua kama nusu saa. Kisha ndipo ya pili inapakiwa kwenye gari kwenda Igoma. Baada ya hapo yanapita mabadiliko tu. MB 300 za robo saa zinamalizika kwa dakika 2.

pvesr create-local-job 101-0 igoma --schedule "*/15" --rate 2

Hiyo rate ni MB kwa sekunde, ili urudufishaji usiwanyime wengine njia. Kwenye nakala ya kwanza ya mezani usiiweke. Kila asubuhi tazama pvesr status, na safu ya makosa iwe 0.

HATUA YA 6: Kuhamisha kwa hiari

qm migrate 101 igoma --online --with-local-disks

Mashine inahama ikiwa inafanya kazi. Lakini kuhama ikiwa hai kunabeba na RAM. GB 8 za RAM kwenye njia yetu ya megabiti 20 ni karibu saa nzima, na kama RAM inabadilika haraka kuliko njia inavyobeba, huenda isimalizike. Kwenye njia nyembamba izime kwanza, ihamishe, iwashe upande wa pili. Yanapita mabadiliko machache, na kwangu inachukua muda wa kunywa chai.

Baada ya kuhama, mwelekeo wa urudufishaji unageuka wenyewe: sasa Igoma ndiyo inayotuma nakala kwenda mjini.

Fanya hivi kila miezi mitatu. Jumamosi usiku hamisha, na uliache duka litumie seva ya Igoma wiki nzima. Hapo ndipo utagundua printa iliyofungwa kwenye anwani ya zamani, au leseni ya programu iliyokwama.

HATUA YA 7: Siku ya msiba

Hapa ndipo naomba usome polepole. Simu inakuja, mfumo hauonekani. Huna haki ya kudhani seva imekufa. Huenda ni redio tu imepinda kwa upepo, na seva ya mjini iko hai, inauza. Ukiamsha mashine hiyohiyo Igoma, zitakuwa mbili, kila moja ikiandika stakabadhi zake, na hakuna programu ya kuziunganisha baadaye. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Mtume mtu aende kwa miguu yake, achomoe waya wa umeme wa seva ya mjini, akupigie na kukwambia ameushika mkononi. Mimi sianzi kabla ya simu hiyo.

Kisha, ukiwa Igoma:
pvecm status
mv /etc/pve/nodes/mjini/qemu-server/101.conf /etc/pve/nodes/igoma/qemu-server/
qm start 101

Shahidi akiwa hai, akidi ipo. Shahidi naye akiwa amekufa, amri ya pvecm expected 1 itakuruhusu kupita, lakini iandike tu baada ya ile simu.

Angalia saa ya nakala ya mwisho, uwaambie wahasibu waingize upya risiti za kuanzia saa hiyo. Ndiyo maana nasisitiza vitabu vya risiti za karatasi visitupwe.

HATUA YA 8: Kurudi

Seva ya mjini ikipona na kuungana na klasta, itaona mashine 101 ni ya Igoma na haitaiwasha. Thibitisha kwa pvesr status kwamba nakala zinakwenda mjini, ngoja zikamilike, halafu hamisha kama Hatua ya 6. Usifanye siku hiyohiyo ukiwa umechoka.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi wa Nyakato: Mkuu, seva zangu zote mbili ziko chumba kimoja. Ninapoteza muda?

Hapana. Umejikinga na kufa kwa diski, ubao au pawa saplai, na hayo ndiyo yanayotokea mara nyingi. Hujajikinga na moto, radi, maji wala mwizi. Anza hivyo, ukipata fedha ya pango hamisha moja.

Dada wa Kirumba: Kaka, sisi bado tuko ESXi, programu ya mashine pepe ya VMware, na mwenye kampuni hataki tena gharama za leseni. Tunahamaje?

Dada, tangu Proxmox VE 8.2 ya mwaka 2024 kuna njia ya kuvuta mashine moja kwa moja kutoka ESXi. Ongeza ESXi kama hifadhi, chagua mashine, ivute. Kabla ya hapo futa snapshoti zote (picha za hali ya mashine zilizohifadhiwa), toa VMware Tools, na kama ni Windows weka mapema draiva za VirtIO, zinazoiwezesha kuiona diski ya Proxmox. Ukisahau hilo la mwisho haitawaka, labda uiwashe kwa diski ya aina ya SATA kwanza. Anza na mashine isiyo na umuhimu.

Mwana wa Nansio: Tawi letu liko Ukerewe, intaneti ni ya simu. Naweza kuliingiza kwenye klasta?

Usifanye hivyo, ndugu yangu. Klasta itayumba kila mtandao ukisita. Tumia pve-zsync, inatuma nakala za ZFS kwa SSH (njia iliyosimbwa kwa siri) bila klasta, au weka Proxmox Backup Server pande zote ziwe zinasawazishana usiku. Utapoteza kazi ya siku moja badala ya robo saa, lakini itakuwa imara.

Mtabibu wa Buhongwa: Kirusi kikifunga mafaili yetu mjini, ya Igoma yatapona?

Hayatapona. Ndani ya dakika 15 na Igoma yatakuwa yamefungwa. Urudufishaji hauwezi kuwa badala ya bakapu. Weka bakapu ya kila usiku inayotunza siku za nyuma, na nakala moja ikae nje ya mtandao. Na kwa kuwa kwenu ni taarifa za wagonjwa, kumbukeni tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Urudufishaji unapita ndani ya SSH kwa kawaida yake, msiubadilishe, na diski zilizotoka kazini zifutwe kabisa kabla ya kuuzwa.

Fundi wa Nyakato: Nimejaribu kuhamisha 101 sasa hivi, imekataa, inalalamikia faili la ISO.

Ile CD ya kusakinishia bado imo ndani ya mashine, na faili lake liko seva moja tu. Itoe:
qm set 101 --ide2 none,media=cdrom

Halafu hamisha tena, uniambie imechukua dakika ngapi.