Kudai Fidia ya Kifo Kilichosababishwa na Uzembe: Mwongozo kwa Familia

Mtu anapofariki kwa uzembe wa mwingine, karatasi ya kwanza kuletwa mbele ya familia mara nyingi hutoka kwa kampuni ya bima ya mkosaji. Ina kiasi cha fedha, mahali pa saini, na sentensi inayosema kwamba familia haitadai tena chochote. Msiitie saini wakati wa matanga. Fedha ya kuzikia inaweza kupokelewa, ila kwa stakabadhi iliyoandikwa wazi kwamba ni malipo ya awali na madai mengine yangalipo. Onyo hilo linahusu pia majeruhi aliye hai bado. Katika nchi nyingi zinazofuata sheria ya Kiingereza, marehemu akishakubali kumaliza madai yake kabla hajafa, mlango wa wategemezi wake nao unafungwa.

Kifo kimoja, madai mawili

Zamani mahakama za Uingereza zilishikilia kwamba kifo cha mtu hakiwezi kudaiwa fidia. Msimamo huo ulitamkwa mwaka 1808. Mkosaji aliyemvunja mtu mguu alilipa, aliyemuua hakulipa. Bunge la Uingereza lilibadilisha hali hiyo kwa sheria ya mwaka 1846, na nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza zina sheria ya namna hiyo hadi leo. Ndiyo maana familia huwa na haki za aina mbili, na kuzichanganya ndiko kunakopoteza fedha nyingi.

Haki ya kwanza ni ya wategemezi. Hii ni mali yao wenyewe: mjane au mgane, watoto, mara nyingi wazazi, na kwa nchi nyingine ndugu au mwenza aliyeishi na marehemu bila ndoa. Mtoto aliye tumboni wakati wa kifo naye kwa kawaida huhesabiwa akizaliwa hai. Wanalipwa kwa walichopoteza wao: matunzo, ada, kodi ya nyumba, kazi za nyumbani ambazo sasa zitalipiwa.

Haki ya pili ni ya marehemu, inayohamia kwenye mirathi yake: maumivu aliyopata kati ya ajali na kifo, gharama za matibabu, na mshahara alioukosa akiwa hospitalini. Aliyekufa papo hapo huacha dai dogo hapa. Aliyelala wodini wiki 6 huacha dai kubwa zaidi. Gharama za mazishi hudaiwa na aliyezilipa, kwa njia mojawapo ya hizi mbili.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu fedha za mirathi hulipa kwanza madeni ya marehemu, kisha hugawiwa warithi. Fedha za wategemezi hazipitii huko, kwa hiyo aliyekuwa akimdai marehemu hana haki ya kuzigusa. Hati ya madai ikiandikwa kiholela, kana kwamba kila kitu ni mirathi, ada ya watoto inaweza kuishia kwenye deni la benki. Mwambieni wakili atenganishe mafungu haya tangu ukurasa wa kwanza.

Siku za mwanzo

Ushahidi mwingi hupotea kabla matanga hayajaanuliwa. Kamera za usalama hurekodi juu ya picha za zamani, wakati mwingine baada ya siku chache tu. Andikeni barua kwa mwenye kamera mkimwomba ahifadhi picha za siku na saa mliyoitaja, na mbaki na nakala aliyoisaini kuwa ameipokea. Gari lililosababisha ajali lisitengenezwe wala kuuzwa kama chuma chakavu kabla ya kukaguliwa. Chukueni majina na simu za mashahidi wenyewe, msitegemee kwamba polisi wameyaandika.

Maiti ndiyo ushahidi mgumu zaidi kuujadili, lakini lazima usemwe. Kama chanzo cha kifo kinabishaniwa, hasa kifo cha hospitalini au kazini, ombeni uchunguzi kabla ya mazishi, na ikiwezekana daktari wa upande wenu awepo. Kufukua kaburi baadaye kunahitaji amri, kunaumiza upya, na mwili unakuwa umeshaharibika. Pale ambapo dini inataka mazishi ya haraka, ulizeni kama uchunguzi wa nje na picha za skani unaweza kutosha. Ombeni vilevile nakala ya faili lote la hospitali: kadi ya kulazwa, maandishi ya wauguzi, fomu ya ridhaa, orodha ya dawa na saa zilipotolewa. Muhtasari wa kuruhusiwa peke yake hautoshi, kwa sababu kosa mara nyingi limejificha kwenye saa.

Kisha kusanyeni cheti cha kifo, ripoti ya polisi, vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, na hati ya usimamizi wa mirathi. Hii ya mwisho ndiyo inayochelewesha kesi nyingi. Dai la marehemu likifunguliwa na mtu asiye na hati hiyo, linaweza kutupwa hata kama uzembe uko wazi kabisa.

Muda wa ukomo

Kila nchi ina kikomo chake cha muda wa kufungua madai. Uingereza ni miaka 3 tangu kifo au tangu familia ilipojua mambo ya msingi. California, Marekani, kwa kawaida ni miaka 2, lakini dai dhidi ya chombo cha serikali hutakiwa kuwasilishwa kwanza kwake ndani ya miezi 6. Kwa abiria wa ndege ya kimataifa, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unatoa miaka 2. Ulizeni kikomo chenu katika wiki za kwanza, mkiiandika tarehe yenyewe kwenye kalenda.

Kosa linaloangamiza madai mazuri ni kuamini kwamba mazungumzo na bima yanasimamisha saa. Kwa kawaida hayasimamishi. Afisa mpole anayesema "faili liko mezani" kwa mwezi wa thelathini hajavunja sheria yoyote. Muda ukipita, bima haina tena sababu ya kulipa. Wala msisubiri kesi ya jinai iishe. Dereva anaweza kuachiwa huru kwenye jinai, ambako hatia huthibitishwa bila kuacha shaka yenye msingi, na bado akapatikana na wajibu wa kulipa kwenye shauri la madai, ambako inatosha kuonyesha kwamba uwezekano wa kuwa alizembea ni mkubwa kuliko wa kuwa hakuzembea. Nchini Ufaransa na nchi za mfumo kama wake, familia inaweza kuunganisha dai la fidia ndani ya kesi ya jinai yenyewe.

Hesabu inavyofanywa

Mahakama nyingi huanza na mapato halisi ya marehemu, yaani yanayobaki baada ya kodi, hutoa sehemu aliyojitumia mwenyewe, kisha huzidisha kwa idadi ya miaka.

Chukulia baba wa miaka 38 aliyekuwa akipata 60,000 kwa mwezi, ameacha mke na watoto 3. Kwa mwaka ni 720,000. Tukikata theluthi moja ya matumizi yake binafsi, inabaki 480,000. Angefanya kazi hadi miaka 60, yaani miaka 22, lakini jaji hupunguza idadi hiyo kwa kuwa maisha yana hatari zake na fedha zinalipwa kwa mkupuo, tuseme 16. Jibu ni 7,680,000. Tukikata robo badala ya theluthi, jibu linapanda hadi 8,640,000. Tofauti ya 960,000 imetoka kwenye sehemu moja ndogo ya hesabu, na wengi huiachia bila kubishana. Mahakama ya Juu ya India iliweka mwaka 2009 viwango vya kufuatwa: theluthi kwa wategemezi 2 hadi 3, robo kwa 4 hadi 6, moja ya tano wakizidi 6, na nusu kwa asiyeoa. Uingereza, kwa mazoea, familia yenye watoto wadogo hukatwa robo.

Marehemu akionekana alichangia ajali, kwa mfano kwa kutofunga mkanda, jumla hupunguzwa kwa kiwango cha mchango wake. Kukata asilimia 20 kwenye 7,680,000 huacha 6,144,000.

Asiyekuwa na hati ya mshahara hakukosa kipato. Fundi, mkulima au mfanyabiashara mdogo huthibitishwa kwa taarifa za miamala ya simu, daftari la mauzo, risiti za wauzaji wa jumla, na risiti za ada alizokuwa akilipa. Risiti za ada zina nguvu kuliko kiapo cha ndugu kumi, maana zinaonyesha fedha ilipokwenda. Mama aliyekuwa akilea nyumbani naye anahesabiwa, kwa gharama ya kumlipa mtu afanye kazi zake zote: kupika, kulea, kuuguza. Msikubali kuambiwa kwamba "hakuwa na kazi".

Baadhi ya nchi huongeza kiasi maalumu cha majonzi. England na Wales ni pauni 15,120 tangu Mei 2020, na kina watu wachache wanaostahili.

Mambo ya ndani ya familia

Kwa kawaida shauri la wategemezi ni moja tu kwa kifo kimoja, kwa hiyo kila mtegemezi atajwe. Mke wa pili, mtoto wa nje, mzazi aliyekuwa akitumiwa fedha kijijini: kumficha yeyote kunaweza kusimamisha malipo dakika ya mwisho au kuzaa kesi mpya ndani ya ukoo. Mgawanyo haulazimiki kuwa sawa kwa sawa. Mtoto wa miaka 3 ana miaka mingi ya kutegemea kuliko wa miaka 16. Fungu la mtoto mdogo mara nyingi huhitaji idhini ya mahakama na kuwekwa akiba hadi atimize utu uzima. Mjomba akijitolea "kulitunza", jibu ni akaunti iliyoamriwa na mahakama.

Kama kifo kilitokea kazini, fidia ya wafanyakazi mara nyingi hulipwa bila kuthibitisha uzembe. Lakini katika nchi nyingi kuipokea huzuia kumshtaki mwajiri. Haizuii kwa kawaida kumdai mtu wa tatu, kama mtengenezaji wa mashine mbovu au dereva wa kampuni nyingine.

Kwa wakili, ombeni mkataba wa maandishi unaosema analipwa asilimia au kiasi maalumu, nani anagharamia wataalamu mkishindwa, na fedha zitaingia akaunti ipi. Bima ikilipa, daini nakala ya barua ya malipo kutoka kwa bima yenyewe, mlinganishe na mchanganuo wa wakili mstari kwa mstari kabla ya kusaini kwamba mmepokea.